Haba na Haba Hujaza Kibaba: Msimu Mmoja wa Mbio za Motokaa za Kiti Kimoja

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hapa kando ya Ziwa tumeliona katika picha tu: mbio za motokaa ndogo zenye kiti kimoja, ambazo kwazo vijana hujifunza kazi ya kuendesha kabla ya kufika katika mbio kubwa za dunia.

Siku moja tulikuwa darasani tukifundisha hesabu ya mwendo, yaani umbali ukigawanywa kwa muda, tukatoa mfano wa motokaa zinazozunguka uwanjani. Mwanafunzi mmoja, binti mtulivu asiyezoea kusema, alisimama akauliza: "Mwalimu, motokaa hizo huondoka mahali na kurudi pale pale. Basi zinafika wapi?" Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, kwa maana tuliona kwamba hatukuwa na jibu tayari. Tulimwahidi kulitafuta, na mazungumzo haya ndiyo jibu letu.

Sisi watu wa Afrika ya Mashariki twayajua zaidi mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953, ambayo katika miaka yake ya kwanza yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika Safari motokaa huondoka moja moja, na kila moja hushindana na saa, katika vumbi na matope. Mbio tunazozisema leo ni za namna nyingine. Washindani wote huondoka pamoja, katika njia ya lami iliyofungwa isipite motokaa nyingine, nao huzunguka mara nyingi hata muda uliowekwa utimie. Tutachukua msimu mmoja tu, wa mwaka 2019, kwa sababu ndani yake mna mafunzo mengi, na kwa sababu mmoja wa walioshindana alikuwa binti wa mama Mnyarwanda, jirani yetu wa ng'ambo ya Kagera.

Motokaa yenyewe

Motokaa ya kiti kimoja haina paa, haina milango, wala haina mahali pa abiria. Dereva huingia kwa juu, akakaa kama mtu aliyelala nusu, miguu yake imenyoshwa mbele. Magurudumu manne yako nje ya mwili wa motokaa, hayakufunikwa. Juu ya kichwa cha dereva pana upinde wa madini magumu, uliowekwa ili kuzuia gurudumu au kipande cha motokaa nyingine kisimpige kichwani.

Motokaa za msimu huu ziliundwa Italia na kampuni ya Tatuus, nazo zilikuwa za daraja la Formula 3. Injini yake ilikuwa ya Alfa Romeo, yenye silinda nne na nguvu ya farasi 270 hivi. Ili mpate kulinganisha, pikipiki ya kawaida ichukuayo abiria kutoka Nyakato kwenda mjini ina nguvu ya farasi kumi hivi.

Jambo la kustaajabisha zaidi si injini, bali ni mabawa. Mvuvi wa Ziwa ajua ya kuwa upepo una nguvu: tanga likitegwa vema, mtumbwi mzito huenda bila kasia. Bawa la ndege ya angani limeumbwa hivi kwamba upepo upitao juu na chini yake huliinua. Bawa la motokaa ya mbio ni lile lile lililopinduliwa. Upepo haulinui, bali hulisukuma chini. Kwa hiyo motokaa ikizidi kwenda mbio, ndivyo inavyozidi kukandamizwa ardhini, na magurudumu yake hushika lami vizuri zaidi katika kona.

Lakini hapo ndipo penye taabu. Mtu aendeshaye baiskeli nyuma ya lori katika barabara ya Musoma hujiona anakwenda kwa wepesi, maana lori limempasulia upepo. (Msijaribu, kwa kuwa lori likisimama ghafula hapana nafasi ya kuokoka.) Vivyo hivyo motokaa ya nyuma hupata wepesi mahali palipo wima, ikaweza kuikaribia ya mbele. Ifikapo kwenye kona hali hugeuka: upepo uliokwisha kuvurugwa na motokaa ya mbele hauyasukumi tena mabawa ya ile ya nyuma kwa nguvu ile ile, na magurudumu yake ya mbele huanza kuteleza. Kwa hiyo dereva wa nyuma hana budi kuchagua. Akikaa karibu sana atateleza. Akikaa mbali sana hatapata nafasi ya kupita. Mara nyingi hupita mahali pa kufungia breki, kwa kuchelewa kufunga kwa kitambo kidogo kuliko mwenzake. Akichelewa kupita kiasi hutoka njiani, na kazi yake yote huwa bure.

Ngazi na gharama yake

Mbio za wanafunzi ni kama shule, zina madarasa. Mtoto huanza katika vigari vidogo viitwavyo karti, ambavyo viko karibu sana na ardhi. Baadaye huingia Formula 4, kisha Formula 3, kisha Formula 2. Na wachache mno, watu ishirini au zaidi kidogo katika dunia nzima, huingia Formula 1.

Lakini shule hii haina usawa. Katika madarasa haya ya chini dereva halipwi, bali yeye ndiye alipaye. Hulipia motokaa, mafundi, magurudumu, petroli na safari. Baba asiye na mali hana budi kutafuta makampuni yatakayomsaidia mwanawe, na yasipopatikana, kijana huacha, hata kama alikuwa hodari kuliko wote. Si kwamba ameshindwa mtihani, ila hakupata karatasi ya kuuandikia.

Kwa upande wa wanawake njia ilikuwa nyembamba zaidi. Katika historia yote ya Formula 1, mwanamke mmoja tu ndiye aliyepata kuandikiwa alama, naye ni Bibi Lella Lombardi wa Italia, aliyepata nusu ya alama katika mbio za Hispania mwaka 1975. Aliendesha mbio zake za mwisho za namna hiyo mwaka 1976, na tangu hapo hapana mwanamke mwingine aliyeanza mbio za ubingwa wa dunia wa Formula 1. Watu wengine walisema kwamba wanawake hawawezi. Wengine walijibu kwamba hakuna ajuaye, kwa maana walioruhusiwa kujaribu, wakiwa na motokaa njema, ni wachache mno.

Mlango unafunguliwa

Mwezi wa Oktoba mwaka 2018 yalitangazwa mashindano mapya yaitwayo W Series, ya wanawake peke yao. Shauri lake lilikuwa jepesi kulieleza. Dereva hatalipa kitu. Atakayeshinda atapewa dola 500,000 za Kimarekani, na wengine pia watagawiwa zawadi kwa kadiri ya nafasi zao. Motokaa zote zitakuwa sawasawa. Tena, ili pasiwe na manung'uniko kwamba fulani amepewa iliyo bora, motokaa zitabadilishwa baina ya madereva kutoka mbio hata mbio.

Kwa kuwa ada haikuwapo, nafasi hazikununuliwa. Zilitafutwa kwa mtihani. Mwezi wa Januari mwaka 2019 wanawake zaidi ya 50 waliitwa Melk, katika nchi ya Austria, wakati wa baridi kali. Huko walipimwa kuendesha katika njia yenye utelezi, walipimwa nguvu za mwili, nao walipimwa hata kusimama mbele ya watu na kujieleza kwa maneno. Waliobaki waliitwa tena Almería, Hispania, mwezi wa Machi, na mwisho wakachaguliwa 18, pamoja na wachache wa akiba.

Miongoni mwa hao 18 alikuwamo Bibi Naomi Schiff. Alizaliwa Antwerp, Ubelgiji, tarehe 18 Mei mwaka 1994, baba yake Mbelgiji na mama yake Mnyarwanda. Akalelewa Afrika ya Kusini, na huko akaanza kuendesha karti alipokuwa na umri wa miaka 11. Alikuwamo pia Bibi Alice Powell wa Uingereza. Mwaka 2010 huyu alikuwa ameshinda msimu mzima wa mashindano ya Formula Renault ya daraja moja huko kwao, jambo ambalo hapana mwanamke aliyelifanya kabla yake. Walakini fedha zilimwishia, naye akaacha mbio za kiti kimoja kwa miaka kadhaa. Mtihani huu ndio uliomrudisha.

Jinsi alama zinavyohesabiwa

Wengi hudhani kwamba mashindano ya namna hii ni kumtazama atakayefika kwanza, basi. Sivyo. Msimu ule ulikuwa na mbio sita, kuanzia mwezi wa Mei hata Agosti, na baada ya kila mbio washindani walipewa alama. Wa kwanza alipata 25, wa pili 18, wa tatu 15, wa nne 12, wa tano 10, wa sita 8, wa saba 6, wa nane 4, wa tisa 2, na wa kumi 1. Wa kumi na moja na walio nyuma yake hawakupata kitu. Mwisho wa msimu alama zote hujumlishwa, na mwenye nyingi ndiye mshindi.

Hapa kwetu tuna desturi nyingine. Bujora, mbele kidogo ya Nyakato katika barabara ya Musoma, katika sikukuu ya Bulabo, Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Na ushindi hutazamwa kwa wingi wa watu waliovutwa upande huu au ule. Mchezaji mmoja wa ajabu aweza kuugeuza uwanja wote kwa saa moja. Katika mbio za msimu, umati hauna kura. Wapaswa kurudi tena na tena, Mei na Juni na Julai, na kila mara uongeze kitu katika kibaba chako.

Kila mbio ilikuwa ya dakika 30, na baada yake mzunguko mmoja wa mwisho. Kabla yake kulikuwa na saa ya kupima mwendo, ambapo kila dereva alijaribu kuzunguka kwa muda mfupi awezavyo. Na mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye aliyesimama mbele kabisa wakati wa kuondoka. Taa nyekundu huwashwa, na zikizimwa tu, wote huondoka.

Mbio sita

Mbio za kwanza zilikuwa Hockenheim, Ujerumani, tarehe 4 Mei. Bibi Jamie Chadwick, Mwingereza aliyekuwa bado hajatimiza miaka 21, alishinda. Bibi Powell alikuwa wa pili, na Bibi Marta García wa Hispania wa tatu. Bibi Emma Kimiläinen wa Finland aligongwa na mwenzake akaumia, hata akazikosa mbio mbili zilizofuata. Watu wengi walimhesabu kuwa amekwisha. Tumkumbuke, maana tutamwona tena.

Za pili zilikuwa Zolder, Ubelgiji, tarehe 18 Mei. Siku hiyo Bibi Schiff alitimiza miaka 25, katika nchi ile ile alimozaliwa. Lakini siku ya kuzaliwa haimpi mtu alama. Aliyeshinda ni Bibi Beitske Visser wa Uholanzi, akifuatwa na Bibi Chadwick na Bibi Powell. Za tatu zilikuwa Misano, Italia, tarehe 8 Juni, ambako Bibi Chadwick alishinda tena, Bibi Visser akiwa nyuma yake.

Tarehe 6 Julai walikwenda Norisring, katika mji wa Nuremberg. Njia hiyo ni fupi; mzunguko mmoja ni kilometa 2.3, yaani ni mfupi kuliko daraja letu la Kigongo na Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, lenye urefu wa kilometa 3. Yeye aendeshaye hapo hana nafasi ya kupumzika, maana ukuta uko karibu, na mara amalizapo kona moja amekwisha kuifikia nyingine. Bibi García alishinda, Bibi Visser wa pili, Bibi Chadwick wa tatu.

Za tano zilikuwa Assen, Uholanzi, tarehe 20 Julai. Je, nani alishinda? Ni Bibi Kimiläinen, yule aliyeumia mwezi wa Mei. Bibi Powell alikuwa wa pili na Bibi Chadwick wa tatu.

Basi enyi wanafunzi, twaeni kalamu. Baada ya mbio tano Bibi Chadwick alikuwa na 25, na 18, na 25, na 15, na 15, jumla 98. Bibi Visser alikuwa na 85. Tofauti ilikuwa alama 13, na zilibaki mbio moja tu, Brands Hatch, Uingereza, tarehe 11 Agosti. Kama Bibi Visser angalishinda, angalipata 25 na kufika 110. Hapo Bibi Chadwick angalitakiwa awe wa tatu au zaidi. Kwa kuwa wa nne angalipata 12 tu, naye angalifika 110 vile vile, wakalingana.

Siku hiyo Bibi Chadwick aliondoka wa mbele kabisa, nyumbani kwao, mbele ya watu wake. Walakini wenzake walimpita mmoja mmoja, hata akawa wa nne, mahali pale pale pa hatari. Kila mtazamaji alimwangalia Bibi Visser. Kama angaliweza kufika mbele, habari ingalikuwa nyingine. Lakini Bibi Powell alikuwa wa kwanza, Bibi Kimiläinen wa pili, na Bibi Visser wa tatu. Hakuweza kuwapita hao wawili. Msimu ukaisha: Bibi Chadwick 110, Bibi Visser 100, Bibi Powell 76, Bibi García 60, Bibi Kimiläinen 53.

Tazameni hesabu ya Bibi Powell: 18, na 15, na sufuri, na sufuri, na 18, na 25. Kila alipopata alama hakutoka katika watatu wa kwanza. Siku zake njema zilikuwa sawa na za mshindi. Kilichomwangusha ni zile sufuri mbili. Mtazameni sasa Bibi Chadwick: alishinda mara mbili tu katika sita, wala siku ya mwisho hakupanda hata mahali pa watatu wa kwanza, lakini hakupata kuwa nyuma ya wa nne tangu Mei hata Agosti. Wazee wetu walisema, haba na haba hujaza kibaba. Tena mtu aliyekosa mbio mbili kwa kuumia, kama Bibi Kimiläinen, alifika wa tano kwa mbio tatu zilizobaki, kwa sababu hakuihesabu hasara yake kuwa ndiyo mwisho.

Naye Bibi Schiff? Hakuwa miongoni mwa walioshika nafasi za mbele msimu ule. Hatuoni haya kulisema. Mtu akiwa wa mbele katika mtihani wa kuingia, haina maana kwamba atakuwa wa mbele darasani, kwa kuwa humo amekutana na wa mbele wa kila mahali. Lakini angalieni alichokifanya. Mwaka 2020 aliwekwa na mashindano yale yale kuwa balozi wa kuwakaribisha watu wa kila namna katika mbio. Tangu mwaka 2022 amekuwa akisikika katika televisheni ya Sky Sports, akiwaeleza watazamaji wa Formula 1 kwa nini dereva huyu amefunga breki mapema na yule amechelewa. Maarifa aliyoyapata katika kiti kile hayakupotea. Yamekuwa chakula chake na taa ya wengine.

Mlango unafungwa

Sasa twaja kwenye sehemu ambayo tungalipenda isiwepo. Mwaka 2020 msimu haukufanyika kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko. Mashindano yalirudi mwaka 2021 na 2022, na Bibi Chadwick akashinda misimu yote miwili. Lakini mwezi wa Oktoba mwaka 2022 ilitangazwa kwamba fedha zimekwisha, na mbio zilizobaki Marekani na Meksiko zikafutwa. Mwaka 2023 kampuni yenyewe iliwekwa mikononi mwa wasimamizi wa madeni. Mlango uliofunguliwa bila ada ulifungwa, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuulipia mlango.

Mwaka ule ule wa 2023 wenye Formula 1 walianzisha mashindano mengine ya mabinti, yaitwayo F1 Academy, katika motokaa za daraja la Formula 4. Aliyeshinda msimu wake wa kwanza ni Bibi Marta García, yule wa Norisring. Lakini huko dereva alitakiwa kuleta sehemu ya gharama mwenyewe. Ni heri kuwa na mlango wenye ada kuliko kutokuwa na mlango. Hata hivyo si mlango ule ule.

Twasema haya tukijua uchungu wake, maana tumeyaona karibu. Tulikuwa na mwanafunzi, binti wa mvuvi, aliyeshika nafasi ya kwanza katika hesabu mihula miwili mfululizo. Muhula wa tatu hakurudi. Ada haikuwapo siku hizo, lakini nauli, sare na daftari ziliwashinda nyumbani kwao, kwa sababu samaki walikuwa haba mwaka huo. Sisi walimu tulisema, "Atarudi wiki ijayo." Tulipofunga safari kwenda kwao tulikuwa tumekwisha kuchelewa, amekwenda mjini kufanya kazi katika nyumba ya watu. Kosa hilo lilikuwa letu. Tuliihesabu nafasi yake ya kwanza kana kwamba ni ushindi wa msimu, kumbe ilikuwa mbio mbili tu, na zilizobaki zilihitaji mtu wa kumshika mkono. Kuanzia siku ile, mtoto akikosa siku tatu, mmoja wetu huenda kwao jioni ile ile.

Katika mwezi wa Desemba mwaka 2024, katika mkutano mkuu wa chama cha mbio za motokaa cha dunia uliofanyika Kigali, Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inataka kuzikaribisha mbio za Formula 1. Tangu zilipofanywa Kyalami, Afrika ya Kusini, mwaka 1993, mbio hizo hazikurudi tena Afrika. Kama zitakuja karibu nasi, vijana wetu watakwenda kutazama, na wengine watatamani. Twawaomba wazazi wasiwacheke, hasa mabinti. Lakini twawaomba vijana nao wakumbuke mambo mawili. La kwanza, mbio hufanywa katika njia iliyofungwa, kwa kofia ya chuma, na daktari amesimama kando. Kijana achezaye mbio kwa pikipiki kati ya Nyakato na Igoma, mama zetu wakivuka na ndoo vichwani, si mshindani. Ni mtu wa kuleta msiba. La pili, nyuma ya kila dereva mna fundi wa injini, mpima upepo, mwenye hesabu na mwenye lugha za kigeni. Kazi hizo huanzia katika somo la hesabu na la elimu ya vitu, kwenye dawati hili hili.

Basi turudi kwa binti yetu aliyeuliza, motokaa hizo zinafika wapi. Tumemjibu hivi: motokaa hairudi pale pale peke yake. Kila izungukapo, dereva amejifunza kona moja zaidi, na kila mbio imwishiapo ameongeza alama, au ameikosa na kujua sababu. Motokaa imerudi mahali pake. Aliyemo ndani amekwenda mbele. Naye alitusikiliza, akafikiri kitambo, kisha akauliza tena: "Na yule ambaye hakupewa motokaa, Mwalimu?"

Swali hilo si la mwalimu peke yake. Twawaachia ninyi nyote, wazazi, wazee na wakubwa wa vijiji, mlifikirie mpaka tutakapokutana tena. Kwaherini.